Kigunduzi cha Rada Garini: Namna ya Kukichagua na Kukitumia Marekani

Dereva wa Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya kupigwa tochi. Askari wa usalama barabarani husimama kivulini mwa mti, penye mteremko unaomshawishi mtu kuliachia gari, akakielekeza chombo chake kwa gari lijalo, na dereva huja kumwona askari wakati mwendo wake umekwisha kupimwa na kuandikwa. Na msaada wa pekee autarajiao dereva huyo ni wema wa wenziwe wajao kwa upande wa pili, ambao humwashia taa kumwarifu kwamba mbele si shwari. Huko Marekani, ambako Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wasemao Kiswahili wameshika usukani wa magari yao wenyewe, wa teksi na wa malori ya safari ndefu, wema huo huuzwa dukani: ni chombo kisichozidi kiganja kwa ukubwa, kiwekwacho penye kioo cha mbele, ambacho husikia mawimbi ya rada ya polisi na kulia kabla gari halijaufikia mtego.

Chombo hicho, kigunduzi cha rada, hakizuii kitu wala hakimfichi mtu, husikia tu. Faida yake yote imo katika sekunde chache za kuonywa mapema, na aghalabu wanaojuta baada ya kukinunua ni wale ambao hawakupata kujua sekunde hizo hutoka wapi, hupotea kwa sababu gani, na ni safari zipi zinazozitoa kwa ukarimu. Muradi wa makala haya ni kumfahamisha msomaji mambo hayo kabla hajafungua mfuko wake, na akiisha kuufungua, kumwonyesha namna ya kukitumia chombo pasipo kuvunja sharia kwa kutojua.

Sharia kabla ya bei

Jambo la kwanza la kulichungua ni sharia ya mahali utakapopita, kwa sababu chombo kilicho halali asubuhi chaweza kuwa haramu jioni, hali gari ni lile lile na barabara ni ile ile. Katika gari dogo la mtu binafsi, kigunduzi ni halali katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Virginia. Aidha ni marufuku katika mji mkuu, Washington, D.C., na katika kambi za jeshi. Mtu atokaye Baltimore kwenda Fayetteville ya North Carolina kwa barabara kuu ya I-95 hana budi kuikata Virginia yote kutoka kaskazini hadi kusini. Na huyo yampasa, kabla ya kulifikia daraja la mto Potomac, asimame mahali pa salama, achomoe waya, akiondoe chombo kiooni na kukitia ndani ya buti, maana sharia ya Virginia hukisamehe chombo kile tu kisicho na umeme na kisichoweza kufikiwa kwa wepesi na dereva wala abiria. Kukizima na kukiacha juu ya dashibodi si udhuru. Wala asidhani kwamba kukifunika kwa kofia kutamfaa, kwa kuwa kigunduzi chenyewe, katika kazi yake ya kusikiliza, huvujisha mawimbi hafifu, na polisi wanavyo vyombo vya kuyanasa hayo.

Kwa dereva wa lori sharia ni kali zaidi. Tangu mwanzo wa 1994 serikali ya shirikisho imevipiga marufuku vigunduzi katika magari ya biashara yenye uzito wa kuanzia ratili 10,001, yaani kilo 4,536 hivi, yafanyayo safari baina ya jimbo na jimbo. Na katazo hilo halihusu kukitumia chombo peke yake, bali hata kuendesha gari lililofungwa chombo hicho. Mwenye leseni ya malori makubwa, CDL, akumbuke pia kwamba kuzidi kikomo kwa maili 15 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa kosa zito; akihukumiwa kwa makosa mazito mawili ndani ya miaka 3, hunyimwa haki ya kuendesha kwa siku 60, na yakiwa matatu, kwa siku 120. Mtu ambaye riziki ya watoto wake imo katika leseni hiyo hana biashara na kigunduzi ndani ya lori, na mwenziwe amshauriye vinginevyo hamtakii heri.

Avukaye mpaka kwenda Kanada naye ajihadhari: vigunduzi ni halali katika British Columbia, Alberta na Saskatchewan tu, na kwingineko polisi hukitwaa chombo pamoja na kutoza faini. Katika majimbo mengine ya Marekani, kama California na Minnesota, chombo chenyewe ni halali, ila kukitundika kiooni mahali panapozuia uoni wa dereva kwaweza kuwa kosa, na hapo ni heri kukiweka juu ya dashibodi. Mwisho, asikichanganye mtu kigunduzi na chombo cha kuvuruga rada, ambacho chenyewe hutoa mawimbi ili kukipumbaza chombo cha askari. Hicho ni haramu kwa sharia ya shirikisho, nchi nzima, na muuzaji akikuhakikishia vinginevyo, jua kuwa faini haitakuwa yake.

Sekunde zitokako

Rada ya barabarani hutuma mawimbi ya redio, yakaligonga gari na kurudi. Christian Doppler, mwanachuoni wa Austria, alibainisha mwaka 1842 kwamba mawimbi ya kitu kiendacho humfikia msikilizaji yakiwa yamebadilika kadiri ya mwendo wa kitu hicho. Na polisi wa Marekani, tangu miaka ya mwisho ya 1940, wamekuwa wakiitumia kanuni hiyo barabarani. Rada ya gigahezi 24.15 ikiligonga gari lijalo kwa maili 60 kwa saa, mawimbi yarudiyo huzidi yale yaliyotumwa kwa mitetemo 4,320 hivi katika kila sekunde. Ziada hiyo ndiyo ipimwayo. Na kwa kuwa imo katika kiwango cha sauti isikikayo na mwanadamu, vyombo vingi humtolea askari mlio ambao hupanda kadiri gari lizidivyo mbio, hata mzoefu akaweza kukadiria mwendo kwa sikio kabla ya kutazama tarakimu.

Kigunduzi humtangulia askari kwa sababu iliyo wazi kwa kila aliyewahi kutembea usiku kijijini: mwenye kushika tochi huonekana kutoka mbali na wote walio mbele yake, hali yeye mwenyewe hawaoni ila walio karibu, kwa kuwa mwanga wa kumwonyesha mtu hauna budi kwenda na kurudi. Kwa hesabu, nguvu ya mawimbi yafikayo kwenye kigunduzi hupungua kwa mraba wa umbali, bali nguvu ya mawimbi yarudiyo kwa askari hupungua kwa kipeo cha nne. Umbali ukiwa maradufu, kigunduzi hubaki na robo ya nguvu ya awali, na rada hubaki na sehemu moja tu katika kumi na sita. Gari liendalo maili 60 kwa saa hukata mita 27 hivi kila sekunde. Kwa hiyo onyo lipatikanalo kilomita moja kabla, katika barabara iliyonyooka, humpa dereva sekunde 37, nazo ni nyingi kwa mtu aliye macho.

Mikanda ya mawimbi itumiwayo na polisi wa Marekani ni mitatu. Bendi ya X, ya gigahezi 10.525, ni kongwe na siku hizi ni nadra. Bendi ya K, ya gigahezi 24.15, ingali ikitumika, lakini imejaa makelele ya vitu visivyo vya polisi; na bendi ya Ka, iliyo baina ya gigahezi 33.4 na 36, ndiyo yenye kutumiwa zaidi, na humo rada nyingi hukaa karibu na 33.8, 34.7 au 35.5. Zikariri tarakimu hizi tatu za mwisho. Vitu vya raia vitumiavyo mawimbi hayo ni vichache mno, na chombo kikikuonyesha mojawapo ya hizo, usingoje ithibati ya pili.

Sekunde zipoteapo

Askari naye si mjinga. Kwanza, haiachi rada ikitoa mawimbi saa nzima. Huishika kimya, akangoja gari limkaribie, ndipo akabonyeza, na jibu humjia mara moja. Dereva aliye peke yake usiku wa manane, asiye na gari lolote mbele yake, hupata onyo na faini kwa wakati mmoja; bali mwenye magari mengine mbele huokolewa nayo, kwa kuwa hayo hupimwa kwanza, na mabaki ya mawimbi yaliyoelekezwa kwayo hukifikia kigunduzi chake kwa mlio mfupi ambao hutokea na kutoweka. Pili, vilima na kona huyakata mawimbi, na katika nchi ya milima kama West Virginia, onyo la kilomita moja laweza kuwa onyo la mita mia mbili.

Tatu ni leza, na hapa wauzaji husema machache. Leza ya polisi hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na mwonzi wake, ukiwa umekwenda mita 300, huwa haujatanuka zaidi ya mita moja hivi. Askari huulenga kwenye kibao cha namba au kwenye taa za mbele za gari moja alilolichagua, na kipimo huisha chini ya sekunde moja. Kigunduzi kikilia kwa leza, aghalabu maana yake ni kwamba umekwisha kupimwa. Na watangazao kuwa chombo chao kinatambua leza husema kweli, ila hawaongezi kwamba utambuzi huo huja umechelewa. Nne, kuna njia zisizotumia mawimbi ya kwenda na kurudi hata kidogo: askari aweza kukufuata kwa gari lake akiulinganisha mwendo wake na wako, ndege yaweza kukupimia wakati baina ya mistari iliyochorwa barabarani, na kamera nyingine hutegemea vihisi vilivyofukiwa chini ya lami. Kwa hiyo kimya cha kigunduzi kisitafsiriwe kuwa barabara ni tupu.

Sifa za kutazama dukani

Vigunduzi vilienea sana Marekani baada ya 1974, serikali ilipoweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima kwa ajili ya uhaba wa mafuta. Kikomo hicho kilifutwa mwaka 1995, lakini soko lilikwisha kukomaa, na leo mnunuzi hukutana na majina kama Escort, Uniden, Cobra na Valentine, na bei zianzazo chini ya dola 100 hadi mamia kadhaa. Tofauti ya bei haimo katika taa na mapambo, imo katika mambo manne yafuatayo.

La kwanza ni usikivu, hasa katika bendi ya Ka, kwa kuwa usikivu ndio uzaao sekunde. Chombo cha bei ya chini kabisa husikia pia, lakini husikia kwa kuchelewa, na mara nyingi hukosa rada iliyo nyuma ya kilima ambayo chombo bora hunasa mawimbi yake yakiakisika kwenye vibao vya barabarani na magari mengine.

La pili, ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni uwezo wa kutenga mlio wa kweli na wa uongo. Milango ijifunguayo yenyewe katika maduka makubwa hutumia mawimbi ya bendi ya K, na vivyo hivyo sensa za magari mengi zimwarifuzo dereva juu ya gari lililo pembeni mahali asipoona. Chombo kisichojua kuvitenga hivi hulia mfululizo katika barabara kuu yenye msongamano, na mwenyewe, baada ya siku chache, humaliza kwa kukizima au kukipuuza. Na kigunduzi kinachopuuzwa hakina tofauti na kisichokuwapo. Ulizia kama mtengenezaji hutoa masahihisho ya programu, kwa sababu magari mapya huja na sensa mpya kila mwaka, na kichujio cha juzi hakitoshi kesho.

La tatu ni GPS. Chombo chenye GPS hukumbuka mahali: ukipita mara kadhaa mbele ya duka lile lile, hujifunza kwamba mlio wa hapo ni wa mlango, kikanyamaza siku zijazo; tena hunyamaza chenyewe uendapo polepole, na huonya juu ya kamera za taa nyekundu zilizo katika orodha yake. Apitaye njia zile zile kila siku atalipa kwa furaha ziada ya bei ya sifa hii.

La nne ni mishale. Valentine One, iliyotoka mwaka 1992, ndiyo iliyovipa sifa vigunduzi vyenye antena mbili, moja ikitazama mbele na moja nyuma, vionyeshavyo kwa mshale rada iko upande gani. Sifa hii si pambo: dereva akiona mshale ukigeuka kutoka mbele kwenda nyuma, ajua kwamba amekwisha kulipita gari la polisi, na mishale ikionyesha mbele na nyuma kwa pamoja, ajua kwamba huenda askari ni wawili. Asiye na fedha ya kutosha aanze na chombo cha bei ya kati chenye usikivu mzuri na kichujio kizuri, hata kama hakina mishale, kuliko kununua cha dola 60 ambacho kitamfundisha tu kuchukia kelele.

Kukifunga

Mahali pa chombo pana matokeo makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kiwekwe kikiwa sawa na upeo wa barabara, kisielekee angani wala kwenye boneti, na pasiwe na kitu kati yake na njia: si vifagio vya kioo, si rangi ya juu ya kioo yenye chembe za madini. Magari mengine yana vioo vyenye tabaka jembamba la madini la kuzuia joto, na tabaka hilo huyazuia mawimbi pia. Aghalabu mtengenezaji huacha kipande kisicho na tabaka karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na hapo ndipo pa kukiweka. Kiwekwe juu, kikiwa kimejificha nyuma ya kioo hicho, ndipo kitakaposikia mbali zaidi na kuonekana kidogo. Kikiwekwa chini, kisikae juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa usalama, kwa kuwa mfuko huo ukifumuka hukirusha chombo usoni mwa abiria kwa nguvu ya kuua.

Umeme hutoka katika tundu la kuchomekea chaja. Anayechoshwa na waya unaoning'inia mbele ya macho aweza kumpa fundi akauunganisha kwenye kisanduku cha fyuzi, penye fyuzi ipatayo umeme gari linapowashwa tu, ili chombo kisinyonye betri usiku. Uegeshapo, kitoe na ufute alama ya duara iliyoachwa na mpira wake kiooni, kwa maana wezi huijua alama hiyo, nao huvunja kioo kutafuta chombo hata kama hakimo.

Kukitumia

Wiki ya kwanza kiendeshe ukiwa ndani ya kikomo cha mwendo, usikilize tu. Pita mbele ya maduka, uone namna mlio wa K uanzavyo hafifu, ukapanda ghafula mbele ya mlango na kufa mara ulipopita. Ufuate nyuma ya gari jipya lenye sensa za pembeni, uone mlio ukishikamana nawe kwa maili nzima bila kuzidi wala kupungua, na ulipite, uone ukikoma. Kisha, siku utakayokutana na Ka ya 34.7 ikianza kwa milio miwili ya mbali na kupanda hatua kwa hatua, hutahitaji mwalimu. Ujuzi huu wa masikio ndio uzifanyao sekunde zile kuwa na thamani. Pasipo huo, sekunde 37 huishia katika kutafakari mlio huu ni wa nini.

Kikilia kwa kweli, inua mguu kwenye mafuta, utazame kioo cha nyuma, liache gari lipungue mwendo lenyewe, ndipo uguse breki ikiwa lazima. Dereva akanyagaye breki kwa fadhaa humtia hatarini aliye nyuma yake, na pua ya gari inamapo ghafula, askari aliye nusu kilomita mbele huona kwa macho yake kwamba hapo pana mtu mwenye la kuficha. Usiongeze mwendo mara tu umpitapo askari, kwa kuwa wa pili mara nyingi hungoja mbele kidogo, akijua kwamba watu hujiona wameokoka. Na usikose kuusikiliza ule mlio mfupi wa K au Ka utokeao mara moja na kunyamaza, kwa sababu huenda ndiyo rada iliyobonyezwa kwa gari la mbele yako, na ni onyo bora kuliko yote utakayopata siku hiyo.

Ikiwa una simu yenye programu ya ramani kama Waze, iache ifanye kazi pamoja na kigunduzi. Madereva huarifiana humo juu ya askari waliowaona kwa macho, pamoja na wenye leza na waliojificha kimya. Kwa hiyo simu hukujulisha yale ambayo kigunduzi hakiwezi kuyasikia, na kigunduzi hukujulisha askari ambaye bado hakuna aliyemripoti. Sauti zote mbili ziwe za wastani, na mwanga wa chombo upunguzwe usiku, ili jicho lisivutwe kutoka barabarani.

Nani anunue

Anayefanya safari ndefu mara kwa mara kwa gari dogo, katika majimbo ya wazi ambako barabara hunyooka na rada za Ka ni nyingi, atapata faida ya fedha yake. Anayezunguka mjini, ambako askari hutumia leza na milango ya maduka haihesabiki, atapata kelele zaidi ya manufaa, na programu ya simu yamtosha. Akaaye Virginia au Washington, D.C., au aendeshaye lori, asikinunue kabisa. Na mwenye kukitaka ili apate kwenda mbio pasipo khofu, huyo naye akiache dukani, kwa kuwa kigunduzi hakipunguzi hata unyayo mmoja katika umbali ulihitajio gari kusimama, na umbali huo huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari lifungalo breki kwa maili 80 kwa saa hutaka nafasi iliyo karibu maradufu ya ile ya maili 60. Kinamfaa mtu aendaye kwa kiasi, ambaye baada ya saa nne za barabara tupu mguu wake huwa mzito bila yeye kutambua, naye akahitaji kuonywa kabla ya kuonwa. Ikiwa mtu huyo ni wewe, soma kwanza sharia ya kila jimbo lililo katika njia yako, ndipo uende dukani.